Nyasi ya Kichwani pa Mama Yenu

Sogeeni, wanangu, Chiku na wewe Kibwana, sauti yangu haifiki tena mlangoni. Lisilo budi hutendwa. Minazi ya Tiwi igawaneni kama sheria isemavyo, na mpaka wetu na Alfani uacheni alipouweka, kwani ugomvi ule umenichosha, na heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Sanda ya marekani imo sandukuni. Hayo ni mepesi. Zito ni hili: nataka kulazwa ubavuni pa mama yenu, Mwanasha.

Kibao cha kaburi lake kililiwa na mchwa Kibwana akiwa bado anatambaa, nami nikapanda kichwani pake, iwe alama, nyasi aliyokuwa akisukia mikeka, niliyoitoa bondeni alikokuwa akiikata huku akiimba. Tangu macho yangu yazime sijaenda kumzuru. Na sasa hivi, Kibwana, umeingia na jembe lako ukaniambia kwa furaha kwamba umeyapalilia makaburi yote kwa ajili ya Ramadhani, umeng'oa ndago zote. Ndipo nikawaita nyote wawili. Wala sikulaumu, mwanangu; kuwasafishia wafu ndiyo heshima tuliyokufunza.

Lakini nyasi ile si ndago, ingawa ni ndugu. Chiku anaijua kwa kuisuka, ila makaburini haendi. Wewe unakwenda, ila huijui. Basi sikilizeni. Mabua ya zote mbili yana pande tatu, ukiyasokota vidoleni hayaviringiki, wala hayana vifundo. Ndago huishia gotini, na ukiivuta hutoka na viazi vyake vidogo vilivyofuatana kama tasbihi. Hii hufika kiunoni, majani yake yote yamekaa kileleni, na mzizi wake ni mnene, mwekundu, haukubali kung'olewa kwa mkono, na ukiukata hunukia. Mama yenu alikuwa akiuweka ndani ya kanga zake. Wallahi, nimeitamani harufu ile kuliko maji.

Kibwana, palikuwapo shina lililokushinda ukalikata kwa jembe? Unasema moja tu, upande wa kibla, karibu na ukuta. Leta mkono, usiuoshe. Karibu zaidi.

Ni yeye.

Chiku, tangulia, kamngoje nduguyo penye ukuta, uukague mzizi, muweke jiwe pale... nichimbieni ubavuni pake. Mungu awaweke pamoja, awape... awape watoto watakaowazika. Wewe Kibwana utamfuata. Mkono uache hapa kidogo, mwanangu.