Sahani ya Ishirini na Saba

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mwalimu Mkuu pamoja na walimu wako, wazazi, wageni waalikwa, ninyi wanafunzi mliojaa mpaka madirishani, na wewe Dada, ambaye leo umekalishwa kwenye kiti chenye kitambaa na huna raha nacho hata kidogo: hamjambo nyote, na shikamooni mnaostahili.

Ratiba inasema ndugu wa mstaafu atatoa neno la shukrani kwa dakika tano. Ndugu mwenyewe ndiye mimi, mdogo wake wa kumfuata, msimamizi wa ghala la vipuri vya magari, na nyumbani wananiita Bwana Orodha. Dakika tano hazitanitosha, nasema mapema ili mshika saa asihangaike. Shukrani nitazitoa, lakini nimekuja pia na ombi, na naliweka wazi tangu mwanzo asije mtu akasema nimemvizia. Sote tunajua kuna barua. Bodi imemwomba dada yangu abaki jikoni miaka miwili zaidi, na baada yangu Mwenyekiti atamwita hapa mbele atoe jibu. Mwenyekiti, dada yangu hajui kusema hapana. Atasema ndiyo, mtapiga makofi, na kesho alfajiri atakuwa ameshawasha moto. Ninachoomba ni kwamba kabla hamjamwita, mnipe nafasi niwasimulie habari za kisiwa.

Miaka thelathini na minne, ndugu zangu! Nani kati yenu amewahi kulala njaa katika shule hii? Nani alichelewa kwa sababu ya mpira, au ya homa, akakuta dirisha lile la kupakulia limefungwa? Mwalimu wa hesabu anacheka pale, kwa sababu yeye mwenyewe alisoma hapa, na alikuwa anapita kwenye foleni mara mbili, mara ya pili amevaa kofia. Alidhani Mama Mwiko, kama mnavyomwita dada yangu hapa, hamtambui. Alikuwa anamtambua vizuri sana, na alikuwa anamwongezea ukoko.

Nasi nyumbani ni vivyo hivyo. Ukoo wetu haukutani bila yeye kupika. Ana daftari lenye jalada la kijani, ndani yake ameandika watu wote wa kupakuliwa: nani hali chumvi, nani meno yamemwisha, nani akinuna hali mpaka abembelezwe. Ni watu ishirini na sita, na huyo wa kubembelezwa simtaji, ila ni mimi.

Basi likizo ndefu ilipokaribia tukakubaliana twende kisiwani, ukoo mzima, wiki nzima, ili Dada apumzike. Kazi ya kupanga nikapewa mimi. Mimi ni mtu wa ghala, kwangu kisichoandikwa kwenye karatasi hakipo. Nikachukua daftari la Dada, nikanakili majina moja moja, nikapiga mstari chini kwa rula, nikapeleka ofisi ya boti, nikapeleka na kwenye nyumba ya wageni kule kisiwani. Nikajiona bingwa.

Siku ya safari tumejipanga gatini na mabegi na vikapu, Mama yetu yuko kwenye kiti cha magurudumu amevaa miwani ya jua ya mjukuu wake, na karani wa tiketi anatuita jina kwa jina. Tukapita, mmoja baada ya mwingine, mpaka majina yakaisha. Nikageuka. Dada yangu bado amesimama upande wa pili wa kamba, ameshika chupa mbili za chai.

Daftari lilikuwa la watu wa kupakuliwa, na mpakuaji hakuwa amejiandika.

Jamani, kosa lilikuwa langu. Lakini kilichoniuma zaidi kuliko kosa langu ni uso wake. Hakushtuka wala hakukasirika. Alisema, kwa sauti ile ile anayosema chumvi imetosha, "Haya, mimi nitabaki niangalie nyumba. Msisahau kumvalisha Mama sweta upepo ukizidi." Na papo hapo akaanza kunipitishia chupa za chai juu ya kamba! Shemeji yangu, mumewe, fundi bomba, mtu ambaye hasemi maneno kumi kwa siku, akarudi akamshika mkono. "Usipopanda wewe, hapandi mtu," akamwambia. Karani akaandika tiketi nyingine na tukaondoka.

Sasa kisiwa chenyewe niwaelezeje? Nyumba ilikuwa na veranda pande zote nne, na mapazia meupe yaliyopanda na kushuka siku nzima bila kuguswa na mtu. Ukutani hakukuwa na saa. Yangu ya mkononi iliingia chumvi siku ya kwanza ikasimama, na mimi ninayeishi kwa dakika sikuijali. Watu walilala usingizi ulipowajia na wakaamka ulipowaacha. Ungemkuta mjomba amejilaza chini ya meza na kitabu kifuani, na watoto wamechanganyika kwenye mkeka mmoja hata hujui mguu upi ni wa nani. Bahari ilikuwa na kina kifupi mpaka mbali sana. Unatembea, unatembea, maji bado yako magotini, na ukigeuka unaiona nyumba imekuwa ndogo, na sauti za wenzako zinakufikia zimelainika, maneno yameshaangukia njiani na umebaki mlio wao tu. Asubuhi moja nilitembea hivyo mpaka nikasahau nilikuwa nakwenda wapi. Nilikuwa na furaha ya ajabu, furaha ya kutotaka kitu chochote, na sijui kama niliwahi kuipata kabla ya hapo.

Sote tulikuwa ndotoni, isipokuwa mtu mmoja. Dada aliingia jiko la wale watu jioni ile ile tuliyofika. Na orodha yangu ilikuwa imetangulia, kwa hiyo kila mlo meza iliandaliwa sahani ishirini na sita. Siku mbili nzima, ndugu zangu, na hakuna aliyegundua! Kwetu lilikuwa jambo la kawaida kabisa: yeye anapakua, yeye anasimama mlangoni, yeye anamega kidogo kwenye kifuniko cha sufuria. Ukimuuliza, "Umekula, Dada?" anakujibu, "Nimeshaonja." Ndilo jibu lake tangu nimfahamu.

Siku ya tatu mpishi wa nyumba ile, mzee mmoja mpole, alimfungia mlango. Alimwambia, "Mama, unakata vitunguu vizuri kuliko mimi, na ndiyo maana sikutaki humu. Nenda baharini." Dada akazungukazunguka verandani, akapanga viatu vya watu ambavyo havikuhitaji kupangwa, kisha akateremka ufukweni na gauni lake, akaingia majini, akakaa chini. Maji yakamfika kifuani. Akabaki hapo.

Saa nzima ikapita. Mke wangu akataka kumwita, shemeji akasema, "Mwacheni." Nikashindwa kuvumilia, nikamfuata na mwavuli.

"Dada, unafanya nini huku?"

"Sifanyi."

"Unawaza nini?"

"Siwazi. Hebu ona mikono yangu, inaelea yenyewe."

Niliitazama. Ile mikono yenye alama za moto mpaka viwikoni ilikuwa imelala juu ya maji, inakwenda na kurudi, haikushika kitu. Nikamwachia mwavuli nikarudi zangu.

Mchana tuko mezani, tumeshaanza kula, akatokea. Gauni linachuruzika, mkono ameuweka tumboni. Akasimama pale akasema, kwa sauti ya mtu aliyeokota kitu asichojua ni cha nani, "Nina njaa."

Ninyi ambao hamjawahi kupikia mamia, hamwezi kuelewa. Mtu anayeonja sufuria kumi na tano tangu alfajiri, mvuke unamjaa tumboni, ikifika saa ya kula chakula kinamkinaisha. Alitueleza baadaye kwamba tangu alipoingia jiko hili, msichana wa miaka ishirini na mitano, hakuwahi tena kusikia njaa. Nasi ishirini na sita, na sahani zetu ishirini na sita, tukabaki tunatazamana. Haki ya nani, hakuna aliyejua la kufanya! Mimi mtu wa ghala sikujua hata sahani za nyumba ile zinakaa wapi. Aliyejua ni Mama, ambaye masikio yake yamechoka na ambaye huwa hasikii hata tukimpigia kelele. Aliisogeza sahani yake, akasema, "Njoo hapa, mwanangu. Kaa. Kula."

Alikula. Alikula ameinama, hasemi, maji yanadondoka mezani kutoka kwenye nywele. Akamaliza, akaomba aongezwe. Aliomba, Mwenyekiti! Kisha akainua kichwa akatuangalia, akasema, "Kumbe hivi ndivyo watoto wanavyojisikia saa saba mchana." Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, na mimi nikalia naye, nasema bila haya.

Siku zilizobaki alikuwa anapiga kelele tangu ufukweni, "Nina njaa!" nasi tunakimbizana kumtafutia kijiko. Jioni ya mwisho tulikaa ngazini, jua linazama, watoto wananong'ona ndani. Akaniambia, "Mdogo wangu, nina miaka hamsini na tisa na sijui napenda chakula gani. Najua cha kila mtu. Changu sikijui, na nataka nikijue."

Tukarudi nyumbani, na juma lile lile ikaja barua. Juzi nilipita kwake nikaikuta mezani, imefunguliwa, haijajibiwa. Nikamuuliza, "Umekula, Dada?" Akaniambia, "Nimeshaonja." Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, siwalaumu. Nani angemwachia mtu kama huyu aondoke? Mmemwomba kwa heshima, na mmemwomba kwa sababu mnampenda. Lakini mkimuuliza, "Utabaki?" yeye anasikia watoto mia sita wana njaa, na kwa swali hilo ana jibu moja tu. Sisi ndugu zake ndio tuliomfundisha jibu hilo, tulikuwa na meza zilizojaa na hatukuwahi kumwambia akae. Kwa hiyo ombi langu ni hili: muulize sasa hivi, wakati bado nimesimama hapa, na umuulize anataka nini. Halafu tunyamaze wote. Asimsaidie mtu, asipige mtu makofi. Na akisema anataka kubaki, nitamwomba radhi mbele yenu, niende nikakae.

Asante, Mwenyekiti, kwa kukubali.

Dada, umeulizwa. Usiniangalie mimi. Usiangalie jikoni pia, kuna watu huko, hakiungui kitu. Tunakungoja, na hatuna haraka.

Wanafunzi wa madirishani wanasema hawajasikia. Rudia, Dada, tafadhali.

"Nimesema sitaki kubaki. Nimechoka, wanangu."

Mmesikia wote. Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, nawashukuru kwa kulipokea neno lake. Nanyi nyote mlionivumilia muda wote huu, asanteni kwa masikio yenu. Mimi nimemaliza. Makofi mpeni yeye.