Kalume Matata na Neno Lililoliwa

Ndugu, majirani, na ninyi ambao redio zenu bado ziko mezani kwake, tunaomba masikio. Jumatano iliyopita marehemu alikuwa juu ya paa la jirani akifunga antena na kupiga mluzi. Leo Jumatano njo tunamzika. Hata anayesoma karatasi hii hajaiamini.

Kalume Matata alizaliwa Punia tarehe 3 Mei 1950, mtoto wa nne wa baba Matata, mfanyakazi wa mgodi, na mama Anne. Alibatizwa Florentin. Majina ya ubatizo yalipokatazwa mwaka 1972, akabaki Kalume kwenye vitambulisho na Florentin mdomoni mwa dada yake mkubwa Euphrasie, ambaye hakuona sababu ya kuomba ruhusa ya serikali kwa kumwita ndugu yake. Mama yao alifariki mwaka 1957. Euphrasie, msichana wa miaka kumi na tatu, njo alimpikia, akamfulia, akamchapa. Anayetaka kuelewa yaliyotokea wiki hii aanzie hapo.

Shule ya msingi alisoma Punia. Vita vya 1964 vilimkatisha, lakini mwaka 1970 alimaliza masomo ya umeme katika shule ya ufundi hapa Kindu. Mikono yake ilisifiwa. Mwandiko wake, hapana. Siku ya mtihani mwalimu aliinua karatasi yake juu na kumuuliza, "Kalume, hii uliandika wewe ao kuku wenu?"

Alifanya kazi ya simu kwenye reli miaka minne. Mwaka 1975 alifungua karakana hapa mtaa wa Kasuku, na mlangoni akaweka kibao: REDIO HAIFI. Vipuri vilipokosekana mjini, alianza kutengeneza mwenyewe vile vibao vya ndani ya redio. Alichukua ubao mwembamba uliovikwa shaba, akachora juu yake njia za umeme kwa rangi ya kucha ya mke wake, kisha akaulaza katika beseni la plastiki lenye perkloriri, dawa ya rangi ya chai iliyolala. Alitikisa beseni polepole kama anayebembeleza mtoto. Dawa ilikula shaba yote iliyo wazi, na chini ya rangi njia zikabaki. Matundu alitoboa kwa spoku ya baiskeli. Nusu ya redio za Kasuku mpaka leo zinasema kwa kucha za Safi.

Kalume alimuoa Safi Bulaimu huko Lokandu tarehe 17 Agosti 1974. Siku ya kwanza ya ile kazi, kwa kukosa beseni, bwana alimimina dawa katika sufuria ya arusi. Sufuria ilichemka bila moto, ikatoa moshi, kisha tako lake likabaki sakafuni.

"Baba Riziki! Hii dawa yako inakula sufuria!"

"Njo kazi yake, Mama Riziki. Ni dawa ya kula."

"Basi andika kwenye chupa, mutu asikosee."

Akabandika karatasi, akaandika kwa Kiswahili, watu wote wa nyumba wapate kusoma, na safari hii kwa herufi nzuri kabisa: DAWA YA KULA SHABA.

Alhamisi tarehe 4 Oktoba 1984 homa ilimwangusha. Karakana ilikuwa ikivuja, kwa hiyo chupa ilikuwa imehamishiwa nyumbani, chini ya kitanda. Jumamosi Euphrasie alifika kutoka Obokote alikoolewa, kwa miguu na kwa malori, kumuuguza mutoto wake. Jumatatu asubuhi Safi alikwenda kupanga mstari wa vidonge. Euphrasie akaiona chupa, akasoma. Na kwa kuwa haikuandikwa ya kunywa bali ya kula, aliichanganya katika uji.

"Yaya," alimwambia dada yake, "iko chungu."

"Dawa haikosi kuwa chungu, Florentin. Malizia."

Kwa Euphrasie hakuwahi kubakiza kitu sahanini. Akamaliza.

Safi aliporudi alimkuta anatapika damu. Alikimbia kumwita muuguzi Roger, naye Roger akauliza amekula nini. Euphrasie akaleta chupa kwa mikono miwili, bado akiamini ameleta dawa. Kalume aliiangalia muda mrefu. Tone lilikuwa limeshuka ubavuni mwa chupa mpaka kwenye karatasi, na mahali pa neno la mwisho palikuwa na tundu lenye kingo za kutu.

"Imekula shaba," alisema. Kisha, mbele ya Roger na Safi: "Yaya alisoma sawasawa. Musimuguse."

Alifariki Jumanne tarehe 9 Oktoba, saa sita ya mchana, akiwa na miaka thelathini na nne.

Maneno yake hayakufika uani. Huko yalifika mengine: kwamba watu wa Obokote wanajua majani, kwamba tangu lini dada anamlisha kaka yake sumu kwa bahati mbaya. Jana jioni wanawake walivuta mikeka yao mbali na Euphrasie, na sahani aliyotengewa ilikaa mbele yake bila mtu wa kula naye. Basi Safi aliingia uani, akakaa kwenye mkeka wa Euphrasie, akatia mkono katika ile sahani.

"Lile neno la kula lilitoka kwanza kwa kinywa changu," alisema. "Mukitafuta mulozi, muanzie hapa. Yaya, tule."

Euphrasie akasogeza sahani katikati. Wakala.

Marehemu ameacha mke, Safi. Watoto wawili, Riziki na Sudi. Na dada mmoja, Euphrasie, aliyemlisha tangu utoto mpaka Jumatatu, kila mara kwa upendo.

Kalume apumzike kwa amani. Na Euphrasie, aliye hai, aachwe naye apumzike.