Griffins Gatimu Wamae na Zile Rejeta Tatu

Anayezikwa leo hapa Gakindu, Mukurweini, ni Griffins Gatimu Wamae, fundi wa rejeta za magari kwa miaka ishirini na mitano, kisha fundi wa mitambo ya pombe kali kwa miaka kumi na saba. Familia yake imeomba historia hii isomwe yote, pamoja na yale ambayo kwa kawaida huachwa nje siku kama hii, kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza hivyo tarehe 2 Agosti mwaka huu, akiwa na akili zake timamu, mbele ya mkewe na watoto wake wawili.

Marehemu alizaliwa Alhamisi tarehe 14 Aprili 1966, hatua chache kutoka mahali lilipochimbwa kaburi lake, akiwa wa pili kati ya watoto watano wa marehemu mzee Wamae, mkulima wa kahawa. Alisoma shule ya msingi ya papa hapa Gakindu kuanzia 1973 hadi 1980, akaendelea na sekondari kwa miaka miwili, na mwezi Novemba 1982 akaacha masomo baba yake alipoanguka kutoka juu ya lori la magunia ya kahawa na kuvunjika nyonga, ikabidi mmoja wa wavulana wakubwa atafute kazi.

Mwezi Januari 1983 alikwenda Kagio kwa mjomba wake Wambugu, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza rejeta nyuma ya soko, na huko akajifunza kuziba mirija yote kwa matambara, kuizamisha rejeta ndani ya maji, kuipuliza hewa, na kufuata mapovu hadi penye ufa. Mjomba alipostaafu mwaka 1991 alimwachia kibanda hicho. Tarehe 9 Desemba 1995 alifunga ndoa na Watiri, aliyekuwa akiuza nyanya mkabala na kibanda chake, na ambaye husema kwamba aliposwa kwa kuletewa beseni lililozibwa vizuri kuliko alivyokuwa ameliagiza. Walijaliwa watoto wawili, Wacera, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1997, na Wamae, aliyepewa jina la babu yake, aliyezaliwa tarehe 20 Oktoba 2001.

Mwaka 2004, katika miezi ya Machi, Juni na Agosti, marehemu aliwatengenezea watu watatu vipozeo vya changaa, kazi ambayo wakati huo haikuwa halali. Changaa hupatikana kwa kuchemsha pombe ndani ya pipa, kuushika mvuke wake na kuupoza hadi urudi kuwa kinywaji, na wapishi wengi walijua kwamba hakuna kitu kinachopoza haraka kama rejeta ya lori, hivyo marehemu alichukua rejeta tatu kuukuu, akaziba nyufa zake kwa risasi, yale madini laini ya kijivu ambayo fundi wa rejeta huyayeyusha kila siku, akaziuza, na kumwambia kila mteja kwamba kipozeo hicho hakitamwangusha. Hakujua kwamba pombe ikipita juu ya risasi huichukua kidogo kidogo na kwenda nayo tumboni mwa mnywaji.

Alijua mwezi Februari 2008, alipokuja hapa nyumbani kumwona mama yake na kumkuta jirani yao Magdaline, aliyekuwa mteja wake wa kwanza, akishika kikombe cha chai kwa mikono miwili kwa kuwa kiganja chake cha kulia kilikuwa kimelegea na hakiinuki tena. Alimpeleka hospitali mjini Nyeri kwa pikapu yake, damu ikapelekwa Nairobi, na majibu yalipofika baada ya wiki tatu daktari alimwuliza Magdaline anatumia vyombo gani kupikia, naye akasema ni pipa na rejeta, daktari akauliza rejeta hiyo imezibwa kwa kitu gani, Magdaline akamgeukia marehemu, akasema, "Uliza huyu. Ni yeye aliniambia hii kitu itaishi kuliko mimi. Na ilikuwa imebakisha kidogo."

Mkono wa Magdaline ulirudi baada ya miezi saba, na leo yuko nasi, amekaa safu ya mbele, akiwa na miaka themanini na mmoja. Rejeta yake ilikatwa vipande kwa msumeno siku ile ile waliyotoka hospitali. Mteja wa pili, wa Kagio, alikuwa ameshafariki mwaka 2006 kwa ugonjwa wa tumbo, damu yake haikupimwa, kwa hivyo hakuna anayeweza kusema zaidi ya hapo. Marehemu alikuta rejeta yake inaziba pengo katika banda la kuku, akaomba apewe, akaikata, kama anavyokumbuka Wacera, ambaye siku hiyo alikuwa amefuatana naye.

Rejeta ya tatu ilikuwa imechukuliwa mwezi Agosti 2004 na mwanamume aliyesema anatoka upande wa Kieni, akaipakia juu ya basi, akaondoka. Marehemu hakuwa amemwuliza jina. Kuitafuta rejeta hiyo ndiko kulikompa kazi yote aliyoifanya baadaye, kwa sababu aliamini kwamba hawezi kumnyang'anya mtu kipozeo kibaya bila kumpa kizuri mkononi, na kipozeo kizuri hakujua kukitengeneza.

Aliacha rejeta mwaka huo wa 2008, akaanza kujifunza kufua shaba kwa fundi mmoja wa Nairobi, akienda Jumatatu na kurudi Ijumaa kwa miezi kumi na minne, na sheria ilipobadilika mwaka 2010 na changaa kuruhusiwa kwa leseni, akawa tayari. Kati ya 2011 na 2024 alibuni na kutengeneza mitambo ishirini na saba kwa ajili ya viwanda vidogo vyenye leseni kutoka Karatina hadi Nanyuki, kila mmoja ukiwa umegongwa nambari yake na nambari ya simu ya marehemu kwenye shingo ya shaba, ili mwenye shida asiseme hakujua amwite nani. Mwenyewe hakuonja pombe maisha yake yote, alinusa tu, na waendesha boda boda wa Kagio walimwita Daktari wa Changaa, wakimpigia kelele, "Daktari, leo mgonjwa ni pipa ama ni mwenye pipa?" naye akiwajibu kwamba kwa kawaida ni mwenye pipa.

Kazi iliyomtambulisha zaidi ilikuwa ya Naro Moru, alikoitwa mwezi Machi 2017 na Lynn, mwenye kiwanda kidogo chenye leseni, mtambo mpya ulioletwa kwa meli, na kinywaji kilichonuka kama gunia lililonyeshewa. Mafundi waliotangulia walikuwa wamebadilisha kipimajoto mara mbili. Marehemu hakufungua hata nati moja, aliomba sufuria na jiko, akachemsha maji, akatumbukiza kipimajoto, nacho kikasimama kwenye nyuzi tisini na tatu na nusu, na Lynn akasema, "Si unaona? Imeharibika tena. Maji inachemka kwa mia moja, hata mtoto wa nasari anajua hiyo." Marehemu akamwambia, "Madam, hiyo mia moja ni ya Mombasa. Hapa tuko juu, maji inachemka mapema, na pombe pia. Themomita ni mzima. Ni karatasi yenu ndio ya watu wa baharini."

Karatasi hiyo ya maelekezo iliwaagiza wafanyakazi wamwage kila kinachotoka kabla ya nyuzi sabini na nane, kwa kuwa kile cha kwanza kabisa hudhuru, lakini kwa kimo cha Naro Moru nyuzi hizo hufikiwa baada ya sehemu nzuri kuwa imepita kwa muda, kwa hivyo kwa miezi mitano walikuwa wamemwaga kinywaji chema mtaroni na kuweka mabaki kwenye chupa. Lynn alipoelewa aliuliza, "Kwa hivyo ng'ombe za jirani ndio zimekuwa zikikunywa ile poa?" na mmoja wa wafanyakazi akasema ndiyo maana zilikataa kuhamishwa. Marehemu aliandika karatasi mpya kwa mkono wake, akaongeza vipande vya shaba ndani ya shingo ya mtambo ili kuondoa harufu, na kiwanda hicho bado kinafanya kazi.

Kila alikokwenda aliuliza kuhusu rejeta ya Agosti 2004. Mwaka 2014 alipata msaidizi katika kazi hiyo, Diriye, mfanyabiashara wa mifugo wa Nanyuki, ambaye hununua mbuzi nyumba kwa nyumba na huona yaliyo nyuma ya majiko ya watu, na ambaye alikubali kwa kusema, "Mimi natafuta mbuzi, wewe unanituma nitafute mtambo ya pombe. Nikiulizwa siku ya mwisho, nitasema ni Gatimu alinituma, na wewe ujitetee."

Marehemu aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo tarehe 11 Julai 2022, na kuanzia Novemba 2023 akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki mjini Nyeri. Madaktari walisema shinikizo la damu lilichangia, na kwamba miaka ishirini na mitano ya kuvuta moshi wa risasi huenda ilichangia pia, lakini hawakuwa na uhakika, naye hakuwalazimisha kuwa nao.

Tarehe 6 Mei mwaka huu Diriye alipiga simu kusema ameiona rejeta ya tatu. Siku mbili baadaye marehemu alipelekwa huko na Wacera, wakaikuta imekaa juu ya pipa, risasi yake ikiwa pale pale alipoiweka, na mwenye rejeta, ambaye familia haitamtaja jina, alimkaribisha kwa heshima, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akakataa. Alisema, "Mzee, hii rejeta imesomesha watoto wangu watatu. Ni wewe uliniambia haitaniangusha, na haijaniangusha. Watu wanatoka mbali kwa sababu yangu ni tamu." Marehemu akamwambia kwamba utamu huo ndio risasi yenyewe, mwenyewe akacheka, akasema hata yeye huinywa, basi marehemu akamwomba anyooshe mkono wa kulia mbele yake na kuinua kiganja. Mtu huyo aliutazama mkono wake, akauingiza mfukoni, akasema wageni waletewe chai.

Wakiwa njiani kurudi Wacera alitaka kumpigia chifu simu, marehemu akamkataza, akasema, "Watavunja pipa, rejeta iuzwe na vyuma kuukuu, na wiki ijayo iko kwa mtu mwingine, tuanze tena miaka ishirini." Badala yake alichora kipozeo kipya, akiwa kitandani, siku zile ambazo hakwenda hospitali, akakichora kitoshee juu ya pipa lile lile, kwa mdomo ule ule, ili mwenyewe asibadilishe hata kifuniko, na kila Wacera, aliyekuwa amejifunza kufua shaba kwake, alipoleta kipande, alikipitishia kidole na kumrudisha nacho karakana, mara nne kwa kiungo kimoja. Alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na tisa, kabla kipozeo hicho hakijakamilika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miaka mitatu, majirani wa Gakindu waliokuja kila jioni ya matanga, mafundi wa Kagio walioleta jeneza na kubishana juu ya misumari yake kama ambavyo yeye angebishana, Lynn na wafanyakazi wake, na Diriye, aliyefunga biashara kwa wiki nzima. Familia pia inamwomba kila aliye hapa ambaye hunywa changaa iliyo tamu bila kutiwa sukari, au anayeumwa tumbo lisilopona, au ambaye kiganja chake hakiinuki vizuri, aende hospitali na aseme apimwe risasi kwenye damu, asione haya, hakuna atakayemwuliza aliinunua wapi.

Kipozeo cha shaba kilikamilika Jumatatu wiki hii. Wacera amekigonga nambari ishirini na nane na nambari yake mwenyewe ya simu, atakipeleka kwa mwenye rejeta keshokutwa, Jumamosi, pamoja na mdogo wake Wamae na Diriye, na akikataliwa atarudi nacho Jumamosi inayofuata, na ile nyingine. Kama mwenyewe amekuja kumzika marehemu, na familia inaamini amekuja, anaombwa tu asifunge lango.

Pumzika, Griffins. Gari linaondoka Jumamosi saa mbili asubuhi.