Kidonge cha Zamda

Basi letu lilipokaribia Korogwe, Zamda, mkulima wa Kang'ata, alitoa kidonge mkobani. "Cha ugonjwa wa akili, mama. Baipola," alimwambia Mama Yuditha, abiria mwenzake.

"Mbona mzima, mwanangu? Ungeviacha hivyo vidonge."

"Niliviacha. Nikajiona nina nguvu za watu kumi. Sikulala siku nne, nikang'oa mahindi yangu yote nikidhani magugu. Mwaka ule wanangu walilishwa na majirani. Sasa huu ni mwaka wa sita, sijaruka hata siku moja."

Mimi niliyekaa nyuma yao, dozi ya malaria ya siku tatu hunishinda kumaliza.

"Lakini maisha yote?"

"Maisha yote, mama, ilimradi nivune."

Basi liliposimama stendi, Mama Yuditha alikuwa bado anabisha, huku akimfungulia Zamda chupa ya maji ili ameze kidonge.