Shangazi Aliyetufundisha Kukaa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mkufunzi wa Wahudumu wa kituo chetu anastaafu rasmi tarehe thelathini Juni mwaka huu. Mwenyewe aliomba asiandikiwe chochote. Kamati ya jarida ilimsikiliza kwa heshima zote, kisha ikanitwisha mimi kazi hii, kwa sababu nilikuwa katika darasa lake la kwanza na nimekuwa nikimtania tangu hapo bila kuadhibiwa.

Humu ndani hakuna anayemwita kwa cheo. Ni Shangazi. Wahudumu humwita Shangazi, wakazi humwita Shangazi, na hata Mkurugenzi, ambaye kwa umri angeweza kuwa kaka yake mkubwa, humwita Shangazi akiwa na jambo la kuomba. Na kama shangazi yeyote anayejiheshimu, hugombeza zaidi wale anaowapenda zaidi. Mimi, kwa kipimo hicho, napendwa mno.

Alianza kama mhudumu wa kawaida katika bweni la wanaume: kuogesha, kulisha, kubadilisha mashuka, kukaa na mtu mpaka usingizi umchukue. Kwa wageni watakaosoma ukurasa huu, kituo chetu hupokea watu ambao hofu au hasira ikiwazidi hujiumiza au huumiza wengine. Ndiyo maana milango yetu hufungwa kwa funguo na viti vya bwaloni ni vya plastiki. Siku zile mkazi akichafukwa, wahudumu wanne walimrukia wakamlaza sakafuni. Ndivyo tulivyozoea, na tulijiona hodari kwelikweli.

Shangazi alipokabidhiwa darasa, somo lake la kwanza lilikuwa kukaa. Tulitazamana. Watu wazima na akili zetu, tumeacha watoto nyumbani, tumekuja kufundishwa kukaa kwenye kiti! Lakini kukaa kwake kulikuwa na masharti. Mtu akichafukwa, vuta kiti, kaa ubavuni kwake wala si mbele yake, mikono yako ionekane, mgongo wako usizibe mlango, na mdomo upumzike. Kumshika mtu pia alitufundisha, kwa namna isiyomvunja wala kumdhalilisha, ila aliliweka somo hilo mwisho kabisa, na ole wako uanzie huko.

Somo lilikolea hadi likapitiliza. Siku moja Mkurugenzi aliingia bwaloni akifoka kwamba ufunguo wa stoo umepotea. Wanafunzi wapya, bila hata kukonyezana, walivuta viti wakakaa kimya, mikono magotini. Mkurugenzi akabaki amesimama peke yake katikati ya bwalo. Mwishowe naye akavuta kiti. Alipokaa ndipo aliposikia kitu kigumu kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, na ufunguo ukapatikana.

Mafanikio yake yanaonekana. Mabweni yote yanaongozwa na watu aliowafunza, na chumba ambacho zamani tulimfungia peke yake mtu aliyechafukwa sasa kinatunza magodoro. Lakini ukimuuliza mwenyewe anajivunia nini, hatakutajia hayo. Atakutajia mtu mmoja.

Mtu huyo ni mwenzetu tunayemwita Greda. Alikuja kwetu akiwa mtu mzima, mgane mwenye watoto watatu, akitokea kwenye kazi ya ulinzi. Jina alilipata kwa mabega yake, mapana kama greda la kuchonga barabara. Hakuwa amemaliza hata mwezi wa kwanza pale mkazi tunayemwita Fundi Saa, kwa kuwa hakuna saa ya ukutani iliyowahi kusalimika mbele yake, aliporusha sahani ya chakula. Greda hakukaa. Alimkamata akamwangusha, na bega la Fundi Saa likateguka.

Uongozi uliamua Greda aondoke. Shangazi akaenda ofisini akasema mkono ni wa mwanafunzi lakini darasa ni lake. Aliomba aachiwe mtu huyo kwa mwaka mmoja, na akirudia kumvamia mkazi yeyote, waondoke wote wawili siku hiyohiyo. Alikuwa amebakiza miaka mitatu tu astaafu, na kulikuwa na wajukuu wawili aliokuwa akiwasomesha. Tulimwambia anachezea riziki yake. Mimi nilimwambia waziwazi kwamba amekosea, maana nilikuwa nimeliona lile bega.

Mwaka ule haukuwa mwepesi. Fundi Saa akisikia tu hatua za Greda alijibanza nyuma ya kitanda. Shangazi alimpeleka Greda akaombe radhi, akamwonya asingoje jibu. Baada ya hapo, kila alasiri Greda alikaa kwenye kiti nje ya mlango wa Fundi Saa, mlango ukiwa wazi, bila kuingia. Shangazi alikaa kando yake akishona vifungo vya mashati ya wakazi. Kiatu kiliporushwa kutoka ndani, Greda alikiokota akakirudisha kizingitini.

Kuna siku Greda alisema yamemfika shingoni, heri arudi kulinda mageti. Shangazi hakuinua macho kwenye sindano.

"Ukiondoka leo, atakachojua ni kwamba wanaomuumiza huondoka," alimwambia. "Kaa, ajue na kingine."

Akakaa. Polepole kiatu kikaacha kuruka. Kisha siku moja Fundi Saa akanyoosha mkono mlangoni akitaka saa ya Greda, akapewa. Saa ile haijafanya kazi tena mpaka leo, na Greda huivaa hivyohivyo.

Mwaka ukielekea ukingoni, mama yake Fundi Saa akafariki. Dada yake alikuja kuomba kaka yake aende kumzika mama. Uongozi ulikubali kwa sharti kwamba asindikizwe na mhudumu atakayemkubali mwenyewe. Shangazi alimuuliza anamtaka nani. Fundi Saa akamnyooshea kidole Greda.

Siku ya mazishi Shangazi alibaki kituoni akifagia darasa ambalo lilikuwa limeshafagiwa. Sote tulijua kwamba Greda akikosea mara moja tu, wote wawili hawana kazi. Yaliyotokea huko tulisimuliwa na yule dada. Jeneza lilipoanza kuteremshwa, Fundi Saa alipiga ukelele akaanza kujipiga ngumi kichwani. Wajomba wakaja mbio, mmoja ameshika kamba. Mikono ya Greda ilimtoka kutaka kumkamata, dada aliiona kwa macho yake. Ikafika nusu ya njia, ikarudi. Greda akakaa chini kwenye udongo, na suti yake moja aliyonayo.

"Wajomba zangu," alisema, "naomba tukae."

Walisita. Dada akawa wa kwanza kukaa, kisha wajomba, kisha waombolezaji wote, mmoja baada ya mwingine. Fundi Saa alizungusha macho, hakuona hata mmoja aliyesimama. Akakaa katikati yao, akamlilia mama yake.

Greda aliporudi na udongo kwenye suruali, Shangazi alisikiliza kila kitu, kisha akalia. Sijawahi kumwona akilia kabla ya hapo wala baada ya hapo. Nilimwambia kwamba kuhusu Greda alikuwa sahihi. Akajibu kwamba alijua.

Tangu hapo Greda amekuwa msaidizi wake darasani, na kuanzia mwezi ujao darasa ni lake. Wiki iliyopita mhudumu mpya, ametoka kwenye zamu yake ya kwanza, alimpita Greda moja kwa moja akamkimbilia Shangazi na swali. Shangazi, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu tumjue, alichukua mkoba wake.

"Muulize mwalimu wako," alisema, akatoka.

Koridoni alipunguza mwendo ili asikie Greda atajibu nini. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kukubali, akaenda zake nyumbani.

Asante kwa kutulea, Shangazi. Mungu akujalie afya, usingizi wa kutosha na siku njema zisizo na kengele za zamu, na wale wajukuu wajue kwamba sasa zamu ya kugombezwa ni yao.