Mama Nzi na Jua Lililolala

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio, leo hatuna haraka. Tunamkumbuka fundi mitambo wa kituo hiki, mwanamke aliyehangaika maisha yake yote ili sauti zetu zifike mbali. Hapa kazini tulimwita Mama Nzi. Jina hilo lina kisa chake, na mwenyewe alilicheka kuliko sisi sote.

Mama Nzi alikuwa na mtoto mmoja tu, baharia wa meli za mizigo. Mmoja tu, wasikilizaji. Kijana akishapanda meli, miezi inapita bila neno. Mama alichobaki nacho ni redio, na redio yenyewe ni hii yetu.

Kila asubuhi, kabla ya matangazo, mitambo lazima ijaribiwe. Kanuni za kituo zinamkataza mfanyakazi kusalimia jamaa zake hewani. Mama Nzi hakuvunja kanuni. Aliinamia maikrofoni akahesabu: "Moja, mbili, tatuuu." Basi. Ile tatu aliivuta kidogo, na kijana huko baharini alijua mama kamsalimu.

Mtauliza, jua linaingiaje hapa? Sauti ya masafa mafupi, yaani mawimbi mafupi ya redio, hurushwa juu, ikagonga anga, ikarudi chini mbali sana. Jua ndilo linaloipa anga nguvu ya kuirudisha. Jua likiwa na madoa mengi meusi usoni pake, tunasikika hadi bahari kuu. Madoa yakiisha, mawimbi ya mtambo wetu hutoboa anga yakaenda zake. Na madoa hayo huongezeka, hupungua, hukauka kabisa, kisha huanza upya, kila baada ya miaka kama kumi na mmoja hivi.

Mama Nzi hakulitazama jua kwa macho. "Macho hayana spea!" alifoka mtu akijaribu. Alifunga darubini kwenye dirisha la chumba cha mitambo, mwanga ukapita ukaangukia kadi nyeupe. Hapo jua lilitulia, duara la ukubwa wa kisosi, na madoa yake kama chembe za pilipili manga.

"Unaiona hiyo chembe?" alimwambia mumewe, ambaye ni fundi saa. "Inaimeza dunia yetu nzima, na nafasi inabaki."

Mumewe akakuna kichwa. "Kila saa ina kitu kinachoisukuma. Hii yako inasukumwa na nini?"

Mama Nzi akachukua mkono wa simu ya mezani, akaanza kuusokota waya wake. "Jua si gumu kama dunia, mzee. Kiuno chake kinazunguka haraka kuliko ncha zake. Nguvu ya sumaku iliyomo inavutwa, inajisokota, inajisokota..." Waya ukaruka juu, ukafanya kitanzi. "Haya! Kitanzi kikichomoza, joto la chini linashindwa kupanda. Pale panapoa kidogo, sisi tunaona doa."

"Na hiyo miaka kumi na mmoja?"

Akaurudisha mkono wa simu mahali pake. Wataalamu wengine, alisema, wanataja mikondo inayopita tumboni mwa jua. Wengine wanazisingizia sayari kwamba zinalivuta. "Mimi sijui, mume wangu. Na walionizidi bado wanabishana." Mumewe anakumbuka kwamba alisema "sijui" huku uso umemchangamka kama mtu aliyepewa zawadi.

Kisha jua likalala. Kadi ikabaki nyeupe, mwezi baada ya mwezi. Barua za wasikilizaji wa mbali zikakatika. Mkurugenzi akasema mtambo wa masafa mafupi umezeeka, uzimwe. Mama Nzi akamsihi: mtambo ni mzima, jua ndilo limelala, subirini liamke. Alijua ukizimwa, mwanawe hatamsikia tena.

Siku moja akaona chembe, mbali na kiuno cha jua, pale pale ambapo madoa ya mzunguko mpya huanzia. Alikimbia hadi kwenye kikao cha wakubwa. "Limeamka!" Wote wakamfuata. Ili kuwahakikishia, akaizungusha darubini papo hapo, kama mtu anayefungua skrubu. Doa la jua lingebaki mahali pake. Hili likazunguka pamoja na darubini.

Lilikuwa kinyesi cha nzi kwenye kioo cha darubini.

Kituo kizima kilivunjika mbavu. Naye alicheka, hadi machozi. Nyumbani machozi yakaendelea, kicheko kikiwa kimekwisha. Mkurugenzi alikuwa amekwishasema: mwisho wa mwezi, mtambo unazimwa.

Kabla mwezi haujaisha, chembe nyingine ikatokea. Safari hii hakukimbia. Alifuta kioo, akazungusha darubini. Chembe ikatulia. Akafuta tena. Ikatulia. Akamwita mkurugenzi peke yake. Mkurugenzi akaizungusha kwa mkono wake mwenyewe, akainama juu ya kadi. Kitu kikubwa kuliko dunia kilikuwa kimezuka mbele ya macho yao, ndani ya kisosi cha mwanga.

"Huyu si nzi," alisema taratibu. Mtambo haukuzimwa.

Madoa yakaongezeka. Na kijana aliporudi nyumbani likizo, mlangoni tu, kabla ya kutua mzigo, alimwambia mama yake: "Tatuuu."

Wasikilizaji wapendwa, Mama Nzi ametutoka wiki iliyopita. Tunampa pole mumewe. Tunampa pole mwanawe, ambaye habari zilimkuta bandari ya mbali akashindwa kuwahi mazishi. Leo yuko baharini. Na leo, kadi ile dirishani imejaa madoa.

Kesho mwanga ukiingia dirishani kwako, hebu tulia kidogo. Unatoka kwenye kitu kinachojisokota, kinacholala na kuamka, na sababu yake bado hatujaimaliza. Tusione haya kusema hatujui.

Mzee fundi saa yuko nami hapa studio. Kanuni ya salamu tumeiweka kando leo. Mzee, maikrofoni hiyo.

"Moja," anasema. "Mbili."

Anafuta miwani.

"Mwanangu, tatu iseme wewe. Mama yako anakusikiliza."