Hagar Alishonea Mkono Gani?

Benchi lenyewe lilikuwa la kanisani kabla halijastaafu. Kanisa liliponunua viti vyenye mito, Shemasi aliliomba, akaliweka mbele ya duka lake la kinyozi, kando ya barabara kuu iendayo Charleston, na tangu siku hiyo halijapumzika. Kila asubuhi pana birika la kahawa, karanga za kuchemsha kwenye mfuko wa karatasi, na ubishi. Shemasi hajawahi kuwa shemasi. Aliitwa hivyo kwa kupenda methali, ingawa methali zenyewe hazikumpenda. Shug, mwenzake wa benchi, aliitwa hivyo, yaani sukari, kwa sababu ya utamu uliokuwa ulimini mwake. Cooter ni jina la kobe wa vinamasi vya kule, na mzee wa tatu alilipata kwa kufika kila mahali wa mwisho. Jumatatu hiyo, hata hivyo, alikuwa wa kwanza kukaa, kwa sababu tangu Jumamosi hakuwa amelala sawasawa.

Jumamosi kanisa zima lilikwenda Ashbrook, shamba la zamani la mpunga ambako babu zao walikuwa watumwa. Cooter alikuwa ameishi miaka sitini na minane maili nne kutoka lango lile, na hakuwahi kulivuka. Alijua kwamba wageni huonyeshwa nguzo nyeupe na vyombo vya fedha. Safari hii dada mwongozaji wa wageni aliipita nyumba kubwa bila kusimama, akawapeleka kwenye vibanda, kisha kwenye kinamasi. Akawaambia kwamba mifereji yote ile, iliyonyooka kama mistari ya daftari, ilichimbwa kwa majembe na watu waliosimama majini hadi mapajani. Akawaambia pia kwamba watu hao waliletwa kwa sababu walitoka kwenye nchi za mpunga: walichukuliwa kwa kile walichokijua. Cooter aliliweka neno hilo moyoni na kutembea nalo polepole.

Ndipo wakafika kwenye kabati la kioo. Ndani mlikuwa na ungo wa kupetea mpunga, wa matete yaliyoshonwa kwa ukindu, mweusi kwa uzee. Chini yake palikuwa na kadi yenye neno moja: Hagar. Mwongozaji akauliza kama kuna mtu anayemfahamu. Kabla Cooter hajameza mate, Shug alikwisha kusema, “Huyo ni bibi yetu sisi, akina Ladson.” Mwongozaji akamkumbatia, akaandika, akampiga picha. Kadi mpya ingechapishwa Ijumaa, yenye jina la Hagar na la ukoo wa Ladson. Kitu kikamchoma Cooter chini ya mbavu. Alikuwa mtu mkweli. Akakiita kwa jina lake. Ulikuwa wivu.

Sasa Shug alikuwa amefika na picha kwenye simu, anamwonyesha Shemasi kwa mara ya tatu.

– Nitazame nilivyosimama. Unaona paji la uso? Paji la Hagar hilo.

– Uliliona wapi paji la Hagar? Cooter akauliza.

– Damu inajuana, ndugu yangu.

– Basi mimi nitakuuliza habari ya mkono. Ule ungo uliutazama, au ulikuwa unatazama picha yako kwenye kioo?

Shug akatabasamu tu. Cooter akamgeukia Shemasi, akaeleza taratibu. Kila ungo walioujua tangu utotoni, mizunguko yake huanzia kwenye fundo la katikati na kwenda upande mmoja. Ule wa Ashbrook umekwenda kinyume. Umeshonwa na mtu wa mkono wa kushoto. Mama yake Cooter alikuwa wa kushoto, na mama yake mama vilevile, na Cooter mwenyewe shuleni alichapwa kwa ajili hiyo.

– Kwa akina Ladson, mtaje mmoja, akamalizia. Mmoja tu.

– Mkono usioweza kuukata, ubusu, Shemasi akasema.

– Hiyo inaingiaje hapa?

– Tunaongea habari za mikono, au siyo?

Shug akamimina kahawa bila haraka. Akasema Hagar alikuwa wa kulia kama Ladson yeyote, ila alijifunza kwa kukaa mbele ya mama yake, wakitazamana, akaiga kila kitu kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Shemasi akadhani pengine ungo umewekwa kifudifudi. Cooter akamjibu kwamba hata kifudifudi, fundo huonyesha upande wa juu ni upi. Basi Shemasi akahamia kwa mwezi: matete yakikatwa mwezi ukipungua, akadai, hujikunja yenyewe upande yanaoutaka, na binadamu hana la kufanya.

– Mwezi, Cooter akasema. Kuliko sisi akina Wigfall kupewa haki yetu, mnaona afadhali upewe mwezi.

– Mimi sijasema hivyo.

– Umesema mwezi, Shemasi.

Shug akaegemea, akashusha sauti, kama afanyavyo akitaka watu wasogee. Akasema Hagar aligeuza ungo makusudi. Ungo ulioshonwa kinyume humwaga punje pembeni kila unaporushwa. Mnyapara anaona mwanamke anapeta. Haoni mchele unaoangukia nyuma, wala watoto wanaokuja kuuokota akiondoka.

Shemasi akasahau karanga mkononi. Cooter naye wivu ukampanda upya, mbaya kuliko wa Jumamosi, kwa sababu hadithi ilikuwa nzuri na hakuitunga yeye. Akataka kuipita. Akasema watu hawajui kusoma: ule ungo ni ramani. Kila mzunguko ni mfereji, kila mshono ni daraja, na Hagar aliushona ili wanaotoroka waishike njia kwa vidole gizani.

– Ramani, Shug akarudia. We mwenyewe juzi ulipotea ukienda kwa daktari wa meno.

– Nilipotea kwa sababu sikuwa na ungo.

Hata Shemasi alicheka, na Cooter naye akacheka kidogo bila kupenda. Kisha Shug akasema jambo ambalo halikuwa na sukari.

– Au labda alikuwa wa kulia, na mkono wa kulia haukufaa tena.

Kicheko kikakatika. Wote watatu walilikumbuka kabati la pili, lile lenye vyuma vya kufungia mikono na miguu ya watu, ambalo mwongozaji alisimama mbele yake muda mrefu bila kusema neno, na wao hawakumuuliza. Shemasi alitafuta methali, akaikosa.

Gari likaingia uani. Akashuka Marvella, mjukuu wa Shug, na kichanga cha wiki tano begani. Hakuwa amekanyaga pale tangu ajifungue. Akawaamkia wazee mmoja mmoja, akaikalia sehemu ya benchi aliyosogezewa, akamwambia babu yake kwamba picha ameiona, na kwamba amelia.

– Nimekuja kuuliza kitu, Babu. Mtoto ana jina la karatasi, lakini la kapuni bado hatujampa. Nataka kumpa la bibi yetu.

– Hagar ni jina zuri, Shug akasema.

– Hagar ni la bwana wa shamba. Aliliandika yeye kwenye orodha yake. Mimi nataka lile aliloitwa akiwa amelazwa kapuni, lile la mama yake. Nyumbani walimwitaje?

Kule kwao hakuna mtu asiye na jina la kapuni. Karatasi ni ya serikali, kapu ni la mama. Watatu hao walikuwa wamebishana asubuhi nzima juu ya mkono wa mwanamke, na hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba kuna mtu aliwahi kumwita aje kula.

Cooter akautazama mdomo wa Shug. Kwanza aliogopa kwamba Shug analijua. Angelitaja sasa hivi, kwa sauti ile tamu, na mambo yangekwisha: Hagar angekuwa wa akina Ladson milele, mkono wa kushoto au wa kulia. Akachimba kichwani mwake mwenyewe, kwa mama, kwa mama wa mama, akagonga mwisho, na mwisho ulikuwa mtupu. Hapo hofu yake ikageuka. Ikiwa Shug halijui, basi halijui mtu yeyote chini ya jua.

– Sema, Shug, akamwambia kwa upole. Ukilitaja, ungo ni wenu. Sitabisha.

Na alimaanisha. Alikaa ukingoni mwa benchi akimwombea mwenzake amshinde.

Shug alifungua mdomo, lakini sukari yake yote haikuwa na jina hilo. Marvella akamhamishia mtoto kwenye bega la pili, akaendelea kungoja.